Petali Themanini na Moja

Tisa ya kwanza, siku ya 1

Leo mchana ni mfupi kuliko wote wa mwaka. Nimetundika mchoro wa baridi katika chumba cha masomo: tawi la mplamu lenye maua tisa, kila ua lina petali tisa, zote nyeupe, na kila ua huhesabiwa kuwa tisa moja, yaani siku tisa. Kila siku tutapaka petali moja rangi nyekundu, mpakaji akitaja hali ya hewa ya siku hiyo, na zikijaa zote themanini na moja, baridi itakuwa imekwisha. Nimeutundika mchoro huu mara ishirini na sita humu jumbani. Safari hii mabega yalikataa, nikamwamuru mjakazi Doukou apande kigoda.

"Mwalimu Xue, umepinda," akasema akiwa juu.

"Haujapinda. Ukuta ndio uliopinda."

"Basi na ukuta uandike kwenye kitabu chako."

Nimemsamehe kwa sababu ya baridi.

Siku itakayofuata petali ya mwisho, Binti Ruozhen ataolewa na kuondoka humu. Anakaribia kutimiza miaka kumi na mitano. Mama yake mzazi, Bibi Lu, ni suria wa daraja la saba. Alilipokea tangazo la ndoa akiwa amepiga magoti, akashukuru kwa maneno yanayotakiwa, kisha akabaki magotini hata baada ya towashi aliyelileta kwenda zake. Anaijua sheria. Binti akishaolewa, atarudi kila sikukuu kumsalimu Malkia katika ukumbi mkubwa, na suria wa daraja la saba haingii katika ukumbi huo.

Tisa ya kwanza, siku ya 2

Upepo. Supu ya kondoo ilifika mafuta yameganda juu. Binti alipaka petali yake vizuri.

Tisa ya kwanza, siku ya 4

Katika somo la leo Binti alimwita Bibi Lu "Mama". Nilipiga meza kwa rula. Mama wa watoto wote wa Mfalme ni Malkia. Aliyemzaa huitwa Bibi. Amelijua hilo tangu alipokuwa na miaka mitatu.

"Nimesahau, Mwalimu."

Hakusahau. Bibi Lu alikuwa akishona karibu na dirisha, wala hakuinua kichwa.

Tisa ya kwanza, siku ya 7

Towashi Bian amekuja na habari za bwana harusi. Bian ni mnene na hawezi kubeba siri kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

"Waliletwa vijana watatu," akasema akiota moto wetu. "Wa kwanza ana kengeza. Wa pili anacheka hata asipochekeshwa. Huyu wa tatu, wa ukoo wa Ge wa kule Tongzhou, miaka kumi na saba, mpole kama tofu."

"Mpole au mgonjwa?" Bibi Lu akauliza.

"Bibi wangu, mpole hukaa kimya, na mgonjwa hukaa kimya. Mimi si tabibu."

Wapiga falaki wameridhika. Kijana amezaliwa mwaka wa Mbwa, na Binti amezaliwa saa ya Sungura, ile ya alfajiri. Mbwa na Sungura hupatana kupita kiasi. Saa hiyo waliitoa katika kitabu cha vizazi cha nyua za magharibi, ambacho mimi ndiye ninayekitunza, na ukurasa wa Binti niliuandika mwenyewe. Katika kitabu hicho sijapata kufuta hata mstari mmoja.

Tisa ya pili, siku ya 1

Theluji.

Tisa ya pili, siku ya 2

Baada ya chakula cha mchana Bibi Lu alimtuma Doukou akachote maji ambayo hatukuyahitaji, kisha akafunga mlango.

"Mwalimu, Ruozhen hakuzaliwa saa ya Sungura."

"Imeandikwa saa ya Sungura."

"Najua ilivyoandikwa. Alizaliwa jua likiwa limeshapiga dirisha. Nilikuwa nimelala nalitazama. Karatasi ya dirisha ilikuwa ya manjano, na mkunga akasema, 'Hatuhitaji taa tena.' Hiyo ni saa ya Joka."

Mtoto yeyote aliyefundishwa anajua kwamba saa ya Joka huifuata ya Sungura, na kwamba Joka na Mbwa ni maadui. Saa ikiwa ya Joka, ndoa hii haifungwi. Nilimuuliza alianza lini kukumbuka hivyo.

"Sijawahi kusahau."

"Miaka kumi na mitano, na hukusema neno."

"Nani aliniuliza?"

"Bibi anataka nifute maandishi katika kitabu cha Mfalme ili abaki na mwanawe."

"Nataka ufumbue macho, Mwalimu. Basi."

Nilikasirika. Masuria wa nasaba kubwa wamewatoa binti zao bila hila za namna hii. Nilimwambia kwamba binti wa muuza mishumaa asije kunifundisha habari za mwanga.

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Binti wa muuza mishumaa ndiye anayejua saa ambayo watu wanaacha kuwasha."

Doukou akaingia na maji.

Tisa ya pili, siku ya 3

Hatukusemezana.

Tisa ya pili, siku ya 6

Leo nimeukagua mchoro na kukuta petali tatu nyeupe mfululizo. Nilimwita Binti, nikamwonyesha kwa rula.

"Nani aliacha hizi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Wamesema nitaondoka petali zikiisha. Basi zisiishe."

"Ukiacha kuandika siku, siku haiachi kupita."

"Kwani Mwalimu umejaribu?"

Nilimwadhibu kurasa arobaini za kunakili. Amezinakili zote bila kosa, mwandiko umenyooka, na kwenye ukurasa wa mwisho karatasi ilikuwa imelowa. Nilijifanya sikuona. Ameahidi kuendelea kupaka kila siku. Zile tatu zimebaki nyeupe.

Tisa ya pili, siku ya 8

Bian alipelekwa Tongzhou na vitambaa vya zawadi. Amerudi leo, na kwa mara ya kwanza hakuuendea moto wetu.

"Kijana alitoka kushukuru. Akainama. Akakohoa kwenye kitambaa cha mkononi, na kitambaa kikawa chekundu, chote. Baba yake akasema haraka haraka, 'Dalili njema! Nyekundu ni rangi ya harusi!'"

"Na wewe ukasema nini?" nikamuuliza.

"Nikasema hongera. Ulitaka niseme nini, Mwalimu? Wakubwa waliomchagua wameshatia mihuri yao. Nikapige kelele mimi, mbeba vitambaa?"

Bibi Lu aliendelea kushona, lakini nilimwona akiingiza sindano mahali palepale mara mbili, mara tatu. Binti wa Mfalme akifiwa na mume haolewi tena. Hujifungia katika nyumba yake hadi azikwe. Nawajua wawili walio hivyo. Mmoja nilimfundisha kusoma.

Mgongo unauma. Nitasema ni mgongo.

Tisa ya tatu, siku ya 1

Mfereji wa uani umeganda. Makaa ya leo yalikuwa na mawe.

Tisa ya tatu, siku ya 4

Leo Binti ametimiza miaka kumi na mitano na kuingia wa kumi na sita. Desturi ni tambi ndefu, zisizokatwa kwa meno, na huliwa asubuhi. Tulikaa wanne mezani: Bibi Lu, Binti, mimi, na Doukou akihudumia.

Ngoma ya saa ya Sungura ilipopigwa, nje kulikuwa giza na taa ilikuwa ikiwaka. Tulisubiri tambi. Saa yote ya Sungura ikapita, taa inawaka. Ngoma ya saa ya Joka ikapigwa. Taa ingali inawaka. Tambi zikaja. Nilikuwa nimeinua vijiti ndipo karatasi ya dirisha ilipoanza kugeuka, kwanza kijivu, kisha manjano, na Doukou akainama akaipuliza taa.

"Hatuhitaji taa tena," akasema.

Hakuna aliyemfundisha. Hakuwa hata amezaliwa siku ambayo mkunga alisema hivyo.

Nilimtazama Bibi Lu. Hakunitazama. Alikuwa akimsogezea mwanawe bakuli.

Sikumaliza tambi zangu.

Tisa ya tatu, siku ya 9

Nimeangalia asubuhi tano. Mara mbili kulikuwa na mawingu, kwa hiyo nahesabu tatu. Katika zote tatu jua limefika dirishani katikati ya saa ya Joka, wala si mapema. Ukuta wa mashariki ni uleule tangu nilipoletwa hapa. Katika mwezi huu jua haliwezi kufika dirisha hili katika saa ya Sungura, mwaka huu wala mwaka wowote.

Ama Bibi Lu hakuona jua siku ile, ama mimi niliandika uongo. Nilikuwepo. Nilisimama nje ya pazia na brashi mkononi. Nakumbuka kwamba vidole vilikuwa vimekufa ganzi na kwamba niliisikia ngoma ya saa ya Sungura muda huohuo mtoto alipolia. Sikutazama dirisha. Kwa nini nitazame dirisha wakati ngoma imepigwa?

Tisa ya nne, siku ya 1

Idhini yangu ya kurudi kwetu imetoka. Nitaondoka baridi ikiisha, pamoja na hariri ya heshima na cheo changu. Niliiomba miaka tisa iliyopita. Katika bahasha hiyohiyo kulikuwa na barua ya mdogo wangu, ambaye nilimwacha akiwa na nywele nyeusi. Anasema wamenitengenezea chumba kinachotazama miforosadi, na kwamba mkewe ameshaambiwa sipendi chumvi nyingi.

Nimeisoma mara nne.

Tisa ya nne, siku ya 2

Hakuna jambo.

Tisa ya nne, siku ya 3

Hakuna jambo. Nimefunga furushi, kisha nimelifungua.

Tisa ya nne, siku ya 5

Nilikwenda ghalani kutafuta daftari la makaa la mwaka aliozaliwa Binti. Wakati ule hilo nalo lilikuwa mikononi mwangu. Vumbi lilinifanya nipige chafya hadi mlinzi akanionea huruma, akaniletea kigoda. Ukurasa niliupata bila shida kwa sababu mwandiko ni wangu, mzuri kuliko wa sasa:

"Asubuhi. Vikapu viwili vya makaa, kuyeyushia saa ya maji ya mnarani, iliyoganda."

Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Ngoma hupigwa kwa kuifuata saa ya maji. Maji yalikuwa yameganda, nao wakayeyusha, wakapiga ngoma ya Sungura wakati saa ya Sungura ilikuwa imeshapita. Mkono mmoja wa mwanamke mmoja, asubuhi moja, uliandika katika daftari hili kwamba saa imeharibika, na katika kitabu kile ukaandika saa kana kwamba haikuharibika. Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Nilikuwa na haraka ya kumaliza ukurasa ukiwa safi.

Bibi Lu hakuniomba uongo. Aliniambia kilichotokea, nami nikamtukania baba yake.

Tisa ya nne, siku ya 6

Asubuhi nilivaa nguo za rasmi na kwenda kwa Bibi Tao, mkuu wa ofisi ya wanawake wa jumba. Tuliingia jumbani mwaka mmoja. Nilipiga magoti, naye akadhani nimekuja kuaga.

"Inuka, Xue. Tumezeeka mno kwa magoti."

"Nimekuja kusahihisha kosa la kitabu."

Niliweka daftari la makaa mbele yake na kumweleza yote: saa ya maji, ngoma, dirisha, zile asubuhi tatu. Alisoma mstari ule mmoja kwa muda mrefu kuliko unavyohitaji.

"Lu amekulilia?"

"Bibi Lu aliniambia mara moja tu, mchana, kwa sauti ya kawaida. Mimi ndiye niliyepayuka."

"Umebakiwa na siku hamsini kasoro mbili uende kwenu. Si kila karatasi inayofika kwenye meza hii huwa naiona. Hii naweza nisiione."

"Nakushukuru. Ione."

"Xue, we mwanamke! Hawatasema umesahihisha. Watasema ulimwandikia Mfalme saa ya uongo ya mtoto wake. Unazijua adhabu?"

"Mimi ndiye niwafundishaye wasichana orodha ya adhabu."

Alijaribu kunikasirikia akashindwa. Akauliza, "Na wale wapiga falaki wakisema saa ya Joka ni njema vilevile?"

"Hawatasema. Wakisema, nitakuwa nimeandika kilicho kweli, na kijana ataendelea kukohoa."

Alilifunga daftari akaweka mkono juu yake. "Nenda. Ofisi zinafungwa kwa mwaka mpya. Jibu halitatoka hadi zifunguliwe."

Nilirudi kwa miguu kupitia uchochoro mrefu. Nilisimama mara tatu kupumzika. Sikuhisi wepesi wowote. Watu husema mtu hujisikia mwepesi.

Tisa ya tano, siku ya 3

Mwaka mpya. Fataki. Binti alikwenda kumsalimu Malkia, na Bibi Lu akasimama penye kizingiti cha ua wetu hadi aliporudi. Sijamwambia lolote. Sitaki anitumainie.

Tisa ya tano, siku ya 8

Theluji juu ya theluji. Wamekuja kumpima Binti nguo za harusi. Ni ndefu kuliko walivyodhani, wataongeza upindo.

Tisa ya sita, siku ya 4

Bado.

Tisa ya sita, siku ya 5

Bado. Bibi Lu anamshonea mwanawe soksi, jozi baada ya jozi, kama anayekwenda nchi isiyo na soksi. Leo nilimwomba sindano nikashona pamoja naye. Nilimwambia, "Niliongea vibaya habari za baba yako." Akasema, "Mishono yako ni mikubwa mno, Mwalimu, itamuumiza vidole." Nikafumua.

Tisa ya saba, siku ya 6

Bian alikuja asubuhi na watu wawili na karatasi yenye mihuri. Tulipiga magoti sote katika theluji ya uani. Alisoma kwa sauti yake ya kazi.

Saa ya Binti imehakikiwa kuwa ya Joka. Ndoa na mtoto wa ukoo wa Ge imevunjwa. Binti atatafutiwa mwingine baada ya mavuno. Suria Lu, kwa kunyamaza miaka kumi na mitano, anapunguziwa makaa nusu hadi mwisho wa baridi. Xue, mtunza kitabu, anavuliwa cheo. Idhini yake ya kurudi kwao imefutwa. Brashi, kidau na kitabu vichukuliwe. Atabaki katika ua huuhuu kama mtumishi, hadi kufa kwake.

Wale watu wawili waliingia wakachukua. Mmoja aliuliza kama rula nayo ni ya Mfalme. Nilimwambia ni yangu.

Bian alinisaidia kuinuka. "Mwalimu, jamani," akaninong'oneza, "nawe ulikuwa umeshafunga mizigo."

"Haikuwa mizigo. Ni furushi moja."

Binti alikuwa amemshika Bibi Lu shingoni kwa mikono miwili, mbele ya watu, kinyume cha adabu zote nilizomfundisha. Bibi Lu alikuwa akinitazama juu ya bega la mwanawe. Alikuwa hajui chochote hadi dakika ile.

Tisa ya saba, siku ya 7

Naandika kwa rangi ya petali na brashi ndogo ya Binti, maana wino sina. Mwandiko mwekundu unaonekana wa kujisifu, lakini sina mwingine.

Bibi Lu alinivutia kigoda. "Kaa hapa dirishani, Mwalimu. Makaa ni nusu, jua ni lote."

"Mimi si mwalimu tena."

"Nikuite nani basi?"

"Xue inatosha."

"Haitoshi. Dada Xue." Kisha akasema, "Ungeniambia, ningekukataza."

"Ndiyo sababu sikukuambia."

Hakunishukuru. Nilifurahi. Nisingejua niweke wapi shukrani.

Tisa ya nane, siku ya 1

Nimemwandikia mdogo wangu kwamba chumba wakitumie kwa viwavi wa hariri, kwa kuwa kiko karibu na miforosadi.

Tisa ya nane, siku ya 5

Bian anasema kijana wa Ge amezikwa jana. Bibi Lu aliiacha sindano. Kijana alikuwa na miaka kumi na saba, na majira yote haya hakuna hata mmoja wetu aliyemwombea apone. Doukou alichoma ubani. Hakuambiwa.

Tisa ya tisa, siku ya 3

Barafu ya uani imepasuka. Magoti yangu hayajapata habari.

Tisa ya tisa, siku ya 9

Binti alipaka petali ya mwisho mara baada ya kuamka, kisha akarudi nyuma kuutazama mchoro. Zile tatu ziko palepale, nyeupe, katika ua la pili.

"Mwalimu, nizijaze? Rangi ipo kidogo. Siku ile ya kwanza nadhani kulikuwa na theluji."

"Unadhani?"

"Nadhani."

"Basi ziache. Usipojua, acha wazi."

"Lakini mchoro utakuwa na kasoro."

"Utakuwa na petali sabini na nane. Ndizo ulizopaka."

Alifikiri, akafunga kidau cha rangi. Bibi Lu akamwita kutoka jikoni aje ale uji haujapoa, naye akajibu, "Nakuja, Mama," akatoka mbio. Rula ilikuwa mezani karibu na mkono wangu. Nikaiacha hapohapo.

Baada ya mavuno watamtafutia mwingine, nasi tutaanza tena. Hadi wakati huo yupo.

Ngoma ya saa ya Joka imepigwa sasa hivi. Nimetazama dirisha kwanza, ndipo nikaandika.